Kurtulmak, mungu wa wachimbaji aliyefungiwa chini ya mwamba

Kila siku mu Kolwezi, mu Fungurume, mu Likasi, tunatamka neno moja bila kulifikiri: kobalti. Asubuhi tunaulizana bei yake. Mchana tunabishana na mnunuzi juu ya kipimo chake. Watoto wetu wanalijua neno hilo mbele ya kujua kuandika majina yao. Lakini ukiuliza mtu, "Hili jina lilitoka wapi?", wengi watakujibu: ni jina ya wazungu tu, basi.

Kumbe ni jina la pepo. Pepo wa chini ya udongo, mfupi, mjanja, ambaye wachimbaji wa Ujerumani walimwogopa karibu miaka 500 iliyopita. Na pepo huyo hakuishia kule. Waamerika walimchukua, wakamtia ndani ya mchezo, wakamzidisha akawa taifa zima, na taifa hilo wakalipa mungu. Mungu huyo anaitwa Kurtulmak. Ni mungu wa vita na wa uchimbaji. Na kadiri ya masimulizi ya mchezo wenyewe, yeye mwenyewe yuko chini ya ardhi, amefungiwa, kwa sababu pango lilimwangukia.

Wababa na wamama wengine watasema hayo ni mambo ya watoto wenye kushinda na telefone mkononi. Ni kweli, ni mchezo. Lakini hadithi hii ilianzia ndani ya shimo, na wale walioianza walikuwa watu wa kazi kama sisi. Inafaa tujue walisema nini.

JIWE LENYE KUDANGANYA

Katika mpaka wa Ujerumani na nchi inayoitwa leo Ucheki kuna milima yenye jina la Erzgebirge, maana yake Milima ya Madini. Mwisho wa karne ya 15 na mwanzo wa karne ya 16, watu walikimbilia kule kutafuta feza. Miji ilizaliwa mara moja: Schneeberg, Annaberg, Joachimsthal. Kila mtu alitaka shimo lake, sawa vile tunavyoona kwetu habari ikitoka kwamba mahali fulani jiwe limeonekana.

Basi wachimbaji wale walikuta mara nyingi jiwe zito, lenye kung'aa, lenye kufanana na jiwe la feza. Walilitoa kwa jasho, wakalipeleka kwenye moto. Feza haikutoka. Kilichotoka ni moshi mbaya wenye kuchoma kifua na kuugonjesha watu. Leo tunajua sababu: jiwe lile lilikuwa na kobalti pamoja na arseniki, na arseniki ni sumu. Wao hawakuwa na njia ya kujua. Walisema: kuna pepo mu shimo. Ameiba feza yetu usiku, ametuachia takataka yenye sumu. Pepo yule kwa Kijerumani anaitwa kobold. Jiwe likabaki na jina lake.

Ndugu yake nikeli alipata jina kwa njia moja na hiyo. Wachimbaji waliona jiwe lenye rangi ya shaba, wakaliyeyusha, shaba haikutoka. Wakaliita shaba ya Nickel, na Nickel lilikuwa jina la kumtaja pepo mchokozi. Kwa hiyo madini mawili ambayo dunia inayatafuta sana leo yanabeba majina ya matusi, majina ambayo wafanyakazi waliyatoa siku waliporudi nyumbani bila kitu.

Katika miaka ya 1730, mtaalamu wa Uswidi, Georg Brandt, alionyesha kwamba ndani ya jiwe lile kuna chuma cha pekee ambacho hakuna mtu aliyekijua. Hakukitafutia jina jingine. Pepo alibaki palepale.

DAKTARI ALIYEANDIKA JUU YA MAPEPO

Wakati ule alikuwepo daktari mmoja, Georgius Agricola. Toka mwaka wa 1527 alitibu wagonjwa mu Joachimsthal, katikati ya wachimbaji, na alisikiliza maneno yao. Mwaka wa 1549 alitoa kitabu kidogo juu ya viumbe vyenye kuishi chini ya ardhi. Mwishoni mwa kitabu aliweka pia mapepo ya migodi.

Aligawanya mapepo hayo makundi mawili. Kundi la kwanza ni wapole. Wanafanana na wazee wafupi sana, wamevaa nguo za wachimbaji, wanacheka, wanaonekana wanachimba, wanajaza vyombo, wanazungusha winchi, lakini mwisho wa siku hawajafanya kazi yoyote. Kundi la pili ni wabaya. Aliandika juu ya mmoja wa Annaberg, mwenye sura ya farasi na shingo ndefu, ambaye aliua wafanyakazi zaidi ya 12 katika shimo moja. Hakuwapiga, hakuwaangushia jiwe. Aliwaua kwa pumzi yake.

Mchimbaji yeyote wa kwetu akisikia neno hilo, pumzi, ataelewa haraka. Ukishuka sana, hewa inakuwa nzito. Mshumaa unazimika. Kichwa kinaanza kuzunguka, magoti yanalegea, na mwenzako mwenye kushuka kukusaidia naye anaanguka. Bila shaka pepo wa Annaberg alikuwa hewa mbaya. Watu walimwona kazi yake, hawakumwona mwili wake, wakamtengenezea mwili wa farasi.

Tena Agricola huyohuyo aliandika kitabu kikubwa, De re metallica, kilichotoka mwaka wa 1556, mwaka mmoja baada ya kifo chake. Ndani ya kitabu hicho mapepo hayakosekani: anasema yanafukuzwa kwa sala na kufunga. Lakini kurasa zilezile zinaonyesha mashine za kuingiza hewa safi ndani ya shimo. Zinaonya juu ya jiwe lenye kula mikono na miguu ya mfanyakazi akiloana, na kuharibu mapafu na macho. Zinasema mtu avae viatu vya ngozi, glovu zenye kufika kwenye kiwiko, na kitambaa mbele ya uso. Yaani mzee yule aliacha mlango wa sala wazi, lakini hakusahau kuingiza hewa.

KUTOKA SHIMO MPAKA MEZA

Sasa turuke mpaka Marekani, mwaka wa 1974. Gary Gygax na Dave Arneson wanatoa mchezo wenye jina la Dungeons & Dragons. Haukuwa mchezo wa mashine. Watu wanakaa kwenye meza, mmoja anasimulia, wengine kila mtu anasema mtu wake anafanya nini, na dadu zinaamua kama amefaulu. Safari nyingi za mchezo zinafanyika chini ya ardhi: mapango, njia nyembamba, mali iliyofichwa, na maadui wanaongojea gizani.

Maadui hao walihitaji majina, na watengenezaji walichota mu hadithi za zamani za Ulaya. Koboldi aliingia toka mwanzo. Lakini alibadilika sura. Mu vitabu vya mwaka wa 1977 ni kiumbe kifupi mwenye magamba na pembe, mwenye kufanana kidogo na mbwa. Toka mwaka wa 2000 amekuwa kama mjusi mwenye kusimama, na anajisifu kwamba damu yake inatoka kwa majoka makubwa. Kitu kimoja hakikubadilika: yuko chini, anachimba, na watu wenye nguvu wanamdharau.

Mwaka wa 1980 watengenezaji walitoa kitabu cha miungu, Deities & Demigods. Humo makoboldi walipata mungu wao kwa mara ya kwanza: Kurtulmak. Maelezo yalikuwa mafupi. Ni koboldi mkubwa kupita wengine, lakini ukubwa wake haufiki hata urefu wa mtu wa kawaida. Magamba yake ni ya chuma. Mkia wake una mwiba wa sumu. Hapo hakuna aliyesema alizaliwa wapi, wala kwa nini ana hasira vile.

MUNGU MWENYE ASILI NYINGI

Maelezo yalikuja baadaye, kidogo kidogo, kwa mikono ya waandikaji mbalimbali, na hayapatani yote. Njo pale siri yake inakaa.

Jambo lenye kurudi karibu kila mara ni adui yake. Anaitwa Garl Glittergold. Ni mungu wa wanomu, watu wafupi wengine wa chini ya ardhi, wenye kupenda mawe ya bei na mizaha. Garl alimwangushia Kurtulmak pango. Kwa nini? Kwa kucheka. Toka siku hiyo makoboldi wanachukia wanomu kuliko adui mwingine yeyote.

Kitabu cha mwaka wa 2006 juu ya mataifa yenye damu ya majoka kinaenda mbali zaidi. Kinasema Kurtulmak hakuanza kama mungu. Alikuwa koboldi wa kwanza, na watu wake walijenga chini ya ardhi mji wa uchimbaji wenye mali. Garl akauangusha pamoja na watu ndani yake. Uungu ulikuja nyuma ya kifo hicho. Tuelewe vizuri: kwa hadithi hii, mungu wa makoboldi ni mchimbaji aliyepoteza wenzake.

Kitabu cha mwaka wa 2016 kinasimulia tofauti. Humo Kurtulmak ni mtumishi wa Tiamat, malkia wa majoka mwenye vichwa vitano, ambaye jina lake watengenezaji walilitoa kwa mungu wa kale wa Babiloni. Garl aliiba kitu katika hazina ya Tiamat. Kurtulmak akatumwa kukirudisha. Garl akamvuta ndani ya pango lenye njia za kupoteza, kisha akaangusha mlango nyuma yake. Mpaka leo yuko ndani. Na malkia wake hatusikii kwamba alishuka kumtafuta.

Vitabu vingine tena vinamweka katika jehanamu ya mchezo, kwenye ufalme wake mwenyewe unaoitwa Draukari, karibu na Tiamat. Basi je, ni mfalme mwenye kutawala au mfungwa aliyefunikwa na mawe? Alizaliwa mungu au aliufikia uungu kwa kufa? Wachezaji wanabishana juu ya hayo saa nyingi, na kila mtu ana kitabu chake cha kumtetea.

Kuna jambo jingine la kushangaza. Mu lugha ya Kituruki, neno kurtulmak lipo. Ni kitendo, na maana yake ni kuokoka, kuponyoka, kutoka mu hatari. Mungu aliyefungiwa chini ya mwamba anabeba jina lenye kusema: kuokoka.

WANACHIMBA WAKIMTAFUTA

Kurtulmak ni mungu wa namna gani? Si mungu wa huruma. Ana chuki, ana kisasi, hasahau. Hafundishi watu wake kuimba wala kulima. Aliwafundisha mambo manne: kuchimba, kutengeneza njia za chini, kujificha, na kutega mitego. Hawaahidi utajiri. Kila koboldi ana kazi yake, na kazi hiyo ni kwa ajili ya kundi, si kwa ajili yake mwenyewe.

Kadiri ya kitabu cha 2016, makoboldi wanachimba pia kwa sababu wanaamini kwamba siku moja, nyuma ya ukuta mmoja wa jiwe, watamkuta. Kila pigo la sururu ni la mali, lakini ni la kumtafuta vilevile. Wameshapita vizazi na vizazi. Hakuna anayejua ni upande gani. Hawaachi.

Waandikaji wa mchezo walifikiri wanaandika juu ya viumbe vya kuchekesha, maadui wadogo ambao mchezaji mpya anawapiga kwa siku yake ya kwanza. Lakini ni nani kati yetu hakuona jambo hilo kwa macho yake? Udongo ukianguka, kwanza ni wenzake wanaochimba, kwa majembe, kwa mabeshi, hata kwa mikono. Wanaita jina lake. Wananyamaza kusikiliza kama anapiga jiwe. Wamama wanakaa kando ya shimo, wengine siku mbili, wengine tatu. Mkubwa anakuja kusema "imetosha", na bado watu wanachimba.

WADOGO WENYE KUJUA NJIA ZAO

Mwaka wa 1987, mwandishi Roger E. Moore alieleza mu gazeti la wachezaji, Dragon, jambo alilopata akicheza. Msimulizi wao, aliyeitwa Tucker, alikuwa na makoboldi wa kawaida kabisa, wale wadhaifu. Wachezaji walikuwa na watu wenye nguvu, silaha kali na uchawi. Lakini makoboldi wa Tucker walijua kila njia ya chini. Waliwasha moto mbele, wakafunga nyuma, wakapiga kupitia matundu, wakatoweka. Mashujaa walikimbia. Jina la "makoboldi wa Tucker" limebaki mpaka leo kati ya wachezaji kama mezali: mwenye kujua shimo lake, hata akiwa mdogo, mkubwa hamuwezi humo ndani.

Toka hapo wachezaji wengi walianza kuwaangalia makoboldi kwa macho mengine. Wengine sasa wanachagua kucheza kwa upande wao. Na ukicheza kwa upande wao, hadithi ya Garl inageuka.

HADITHI MOJA, NYUMBA MBILI

Tufikie sasa kwenye moyo wa jambo. Mu mchezo, Garl Glittergold si pepo mbaya. Vitabu vinamhesabu kati ya miungu wazuri. Anapenda watu wake, ana furaha, ana akili. Mu nyumba ya wanomu, kuanguka kwa pango ni kichekesho ambacho wazee wanasimulia jioni: namna mungu yetu alivyomzidi akili yule mukali wa magamba. Watoto wanacheka.

Mu nyumba ya makoboldi, pango lilelile ni kilio. Ni siku ambayo baba yao hakurudi. Hakuna anayecheka.

Jiwe ni moja, siku ni moja, na hadithi ni mbili. Yule aliyebaki juu anaisimulia kwa namna yake, na wenye kubaki na mtu wao chini wanaisimulia kwa namna nyingine. Vitabu vya mchezo kwa miaka mingi vilisikiliza zaidi sauti ya juu. Hata kwetu, shimo likianguka wakati wa mvua, mara moja maneno yanagawanyika. Kuna anayesema waliingia bila ruhusa. Kuna anayesema walikuwa wamelewa. Kuna anayesema mwenye udongo hakuitwa, mizimu imekasirika. Na familia inasema: hakukuwa na miti ya kushikilia udongo, na kila mtu alijua.

Hatudharau desturi. Kuna mahali ambapo chifu anaitwa kabla ya kufungua shimo jipya, anasema na wazee wa zamani, na watu wanashuka na moyo mtulivu. Hata Agricola, mtu wa vitabu, hakuwakataza wachimbaji kusali. Lakini wale wa Erzgebirge walimsingizia koboldi wizi kwa miaka mingi, na wakati huo wote arseniki iliendelea kuingia mu vifua vyao. Pepo alichukua lawama, sumu ikabaki na kazi yake. Farasi wa Annaberg hakufukuzwa na mtu aliyempigia kelele. Alihitaji mashine ya kuleta hewa.

Leo nchi yetu inatoa zaidi ya nusu ya kobalti yote ya dunia. Inaingia mu betri za telefone, mu kompyuta, mu magari ya umeme. Kijana wa mbali anayecheza usiku na kumpiga koboldi kwenye kioo cha telefone yake, mara nyingi ameshika mkononi jiwe lenye jina la koboldi huyohuyo, na jiwe hilo linaweza kuwa limetoka chini ya miguu yetu. Yeye hajui. Mu mchezo wake, Kurtulmak yungali amefungiwa, na watu wake wafupi wanaendelea kupiga ukuta, wakinyamaza kila mara kidogo ili kusikiliza.